Kamba Iliyorudi Kalenga

Nashoni hakutaka kuzungumza mbele ya wateja. Alimwomba Inspekta Tumpe Mwaisaka asubiri kidogo, akamalizana na fundi aliyefuata mnyororo wa pikipiki, kisha akashusha mlango wa duka hadi nusu na kumsogezea mgeni wake kigoda. Nje, mtaa wa Soweto wa Mbeya ulikuwa umeshachangamka. Ndani mlinuka grisi na raba mpya.

"Nilijua siku moja mtakuja," alisema. "Nilidhani mtawahi."

Tumpe alifungua jalada juu ya magoti. Halikuwa nene. Lilianza na mama mmoja wa Usangu aitwaye Minza, mjane wa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde lile zamani na ng'ombe wake. Mama huyo alifika kituoni Mbeya mjini, akakaa kwenye benchi, akagoma kuondoka mpaka aonane na mpelelezi. Mwanawe Samwel alifia miaka mingi nyuma katika milima ya Himalaya, akiwa amefungwa kamba moja na rafiki yake, Adrian Luvanda wa Kalenga. Adrian alirudi peke yake. Alieleza kwamba kamba ilikatwa na ukingo wa barafu, na Minza akamwamini. Akamsomeshea mwanawe misa, akaendelea kuchunga na kulima mpunga.

Adrian naye akawa mtu mashuhuri. Alipanda vilele vingine, akavuka jangwa la barafu kwa miguu hadi Ncha ya Kusini ya dunia, picha yake ikatundikwa mashuleni. Lakini mwaka huu mpandaji mmoja mgeni alihojiwa redioni, akasema kamba za aina ile ni nadra kukatwa na barafu. Ikikatika, alisema, ulizeni kisu kilikuwa mkononi mwa nani. Maneno hayo yalifika Usangu, na tangu hapo Minza hakupata usingizi.

"Sitaki mtu afungwe," ndivyo alivyoandikisha. "Nataka kujua mwanangu alikufaje."

Mkuu wa upelelezi alimkabidhi Tumpe jalada akimkumbusha kwamba sheria humfuata raia hata akikosea ughaibuni. Mwili haukupatikana; ulibaki huko huko kwenye theluji. Shahidi wa karibu alikuwa mmoja tu, huyu Nashoni, mpandaji mwenzao, ambaye siku ile aliachwa kwenye hema la juu kwa sababu kifua kilimbana.

Nashoni alisimulia bila kuzunguka. Adrian na Samwel waliondoka alfajiri kwenda kileleni. Mchana ukungu ulifunga, upepo ukaanza kupiga hema kama mtu anayekung'uta mkeka. Jioni aliyerudi alikuwa Adrian tu, anatambaa, vidole vya mkono wa kulia vimegeuka rangi ya mkaa. Aliposogea karibu, Nashoni aliona kisu kinaning'inia kifuani pake kwa ugwe wake. Kilikuwa wazi.

"Una hakika kilikuwa wazi?"

"Nilikifunga mimi mwenyewe, afande. Niliogopa atajichoma."

"Kilikuwa na damu? Nyuzi za kamba?"

"Sikuangalia. Nilikuwa nalia."

Tumpe aliandika. Kisha akauliza jambo ambalo redioni hakuna aliyeliuliza: kamba yenyewe ilikwenda wapi. Nashoni alifuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa michafu. Akasema Adrian alirudi nayo. Aliikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, na Nashoni alipotaka kumpokea, alikataa. Alimwambia kwamba kama anampenda, asimwulize habari ya kamba, wala asimweleze mtu kwamba ameiona.

"Nami sikueleza," alimaliza. "Lakini kisu kile nimekiota mara nyingi. Huyu mtu nampenda, afande. Alinishusha kwenye mlima ule na vidole vyake vimekufa. Mimi kuwa hai, na duka hili, ni kwa sababu yake. Ndiyo maana sikutaka kujua."

Kabla ya kuondoka, Tumpe alimwomba amweleze kamba za wapandaji zilivyo, kama anavyomweleza mtoto. Nashoni alichangamka kidogo. Akasema kila kamba hutoka kiwandani ncha zake zote mbili zimeyeyushwa kwa moto ili zisifumuke, na katikati hasa hutiwa alama nyeusi, ili mtu anayeshuka ajue nusu imekwisha. Wawili wakipanda, kila mmoja hujifunga ncha yake.

"Na siku ile walitumia kamba nzima?"

"Nzima. Niliwafungasha mimi."

Alipoingia garini, Tumpe alikuwa na mshukiwa mwenye kisu wazi, aliyeficha kielelezo na kumfunga shahidi mdomo. Majalada mengine huenda mahakamani yakiwa na machache kuliko hayo.

*

Njiani kwenda Kalenga, mkoani Iringa, aliacha barabara kuu pale Mafinga, akaelekea Igowole. Adrian na Samwel walisoma pamoja sekondari huko Mufindi, na mwalimu wao wa jiografia, Tekla, alistaafu akabaki huko huko kwenye baridi na mashamba ya chai. Tumpe alitaka kujua kama vijana wale waliwahi kuwa na ugomvi, mwanamke, wivu, chochote. Mtu hakati kamba bila chanzo.

Mwalimu Tekla alimkaribisha jikoni palipokuwa na moto, akamwekea viazi vya kuchemsha na chai. Ugomvi hakuukumbuka. Alikumbuka kwamba Samwel alifika shuleni akiwa hajawahi kuona umande ulioganda, na asubuhi ya kwanza yenye sakitu alitoka bwenini akaokota nyasi zilizogandiana, akaziweka mdomoni. Adrian alimcheka, kisha akampa sweta lake. Basi, urafiki ukaanzia hapo.

"Mimi ndiye niliyewatia wazimu wa barafu," alisema. "Nilikuwa nawasimulia habari za wale watu wa zamani wa Ncha ya Kusini. Sikujua watakwenda kweli."

Alisimulia tena, kwa sauti ya darasani, jinsi Amundsen wa Norwe alivyotangulia kufika kwa mbwa na mbao za kutelezea kwenye theluji, na jinsi Scott wa Uingereza alivyofika na wenzake wakakuta bendera ya mwingine imeshasimama. Waliporudi, mmoja wao, Oates, miguu ilikuwa imemharibika kwa baridi. Akaona anawachelewesha wenzake. Basi asubuhi moja dhoruba ikivuma aliinuka, akaaga kana kwamba anatoka nje kidogo, akaingia kwenye theluji, asirudi tena.

"Adrian alimpenda Amundsen, aliyefika," mwalimu alisema. "Samwel alimpenda huyo aliyetoka hemani. Kila nikiwauliza darasani nani shujaa, Samwel jibu lake ni lile lile. Nikamwambia, mwanangu, huyo hata hakufika nyumbani. Akanijibu kwamba ndiyo, lakini aliwapa wenzake njia."

Tumpe aliacha kutafuna. Aliandika mstari mmoja, akaupigia mstari mwingine chini yake, akamshukuru mwalimu kwa chai. Tekla alimsindikiza hadi garini akiwa na maneno ambayo bila shaka alikuwa ameyabeba tangu redio iseme. Alisema kwamba kama kosa lipo, na yeye aandikwe, maana mbegu aliipanda yeye.

"Mwalimu, bado sijajua kama kuna kosa."

*

Adrian Luvanda alikuwa shambani kwake Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, akifungia miche ya nyanya kwenye vijiti kwa mkono wenye vidole viwili. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, nywele zimeanza mvi masikioni. Alipoona kitambulisho cha Tumpe hakushtuka. Alinawa mtoni, akamwongoza nyumbani, na mkewe Apolonia akawapokea kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, na maziwa mgando.

Sebuleni picha zilijaa ukuta mzima. Tumpe alizipitia moja moja huku wenyeji wakitafuta viti. Adrian kwenye vilele mbalimbali. Adrian Ncha ya Kusini, ndevu zimeganda, bendera ya taifa imesimama kwenye theluji. Alirudia kuzitazama. Katika kila picha mtu huyu alisimama pembeni, na katikati pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Mpiga picha wako huwa hajui kulenga?" aliuliza.

"Hulenga ninapomwambia," Adrian alijibu.

Tumpe akakaa. Akamsomea haki zake, akamweleza malalamiko, akamweleza alichosema Nashoni kuhusu kisu. Alitarajia ubishi, au mwanasheria. Adrian alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Andika kwamba niliikata mimi," alisema.

Apolonia, aliyekuwa mlangoni, alishika fremu.

"Eleza," Tumpe alisema.

Adrian alieleza kwa maneno machache, kama mtu aliyeyakariri. Wakiwa wanashuka, Samwel alivunjikiwa na ukingo wa theluji akaning'inia gengeni. Yeye alichimbia shoka lake la barafu akamshikilia, lakini alikuwa anavutwa polepole kuelekea ukingoni. Akatoa kisu. Akakata. Mama Minza alidanganywa, na sasa amepata ukweli.

"Ulikata wapi?"

"Kwenye kamba."

"Kamba ni ndefu, mzee Luvanda. Karibu nawe au mbali?"

Kwa mara ya kwanza akasita. "Karibu. Hapa mbele ya kifua."

"Na kipande kilichobaki kwako kilikuwa kifupi basi. Kiko wapi?"

"Kilipotea."

Tumpe hakubishana naye. Alifunga kalamu na kumgeukia Apolonia, akamuuliza kwa upole kama yeye naye anaamini kilipotea. Adrian alisema mkewe hausiki. Apolonia hakumjibu mumewe. Aliondoka, wakamsikia akisogeza magunia ya mahindi stoo. Aliporudi alikuwa amebeba robota la kamba ya rangi ya buluu iliyopauka, akaliweka miguuni pa Tumpe.

"Kila mwaka siku ya Samwel huwa anaitoa, anakaa nayo," alisema. "Hajawahi kunieleza. Nami nimechoka kusikia kisimani kwamba nimeolewa na muuaji. Afande, isome wewe."

Walitoka uani. Tumpe alimwomba Apolonia ashike upande mmoja, wakaikunjua kamba yote juu ya nyasi. Haikuwa kipande kifupi. Ilizunguka nyumba ikafika hadi kwenye banda la mbuzi. Kwanza alikagua ncha ya Adrian. Fundo la mpandaji lilikuwa bado limefungwa, halijawahi kufunguliwa, na mkia wake uliotokeza ulikuwa umeyeyushwa kiwandani. Ncha ya pili ilikuwa imekatwa, nyuzi nyeupe za ndani zimechanua kama ua la pamba. Barafu husaga kamba na kuichakaza. Hapa mkato ulikuwa safi. Kisu.

Alipiga picha zote mbili. Kisha alitembea taratibu akiipitisha kamba mkononi mpaka alipoiona alama nyeusi. Akaikunja pale, akazileta nusu mbili pamoja, zikalala sambamba kwenye nyasi kama reli. Akazifuata hadi mwisho. Nusu iliyokatwa ilikuwa fupi kuliko ile yenye fundo kwa kiasi cha mkono wa mtu, na kidogo zaidi.

Tumpe alichuchumaa hapo. Aliinua mkono wake juu ya kichwa, kama mtu anayening'inia, akaupima na pengo lile.

"Mzee Luvanda," alisema bila kugeuka, "ungeikata mbele ya kifua chako, ungebaki na fundo na ncha kidogo ya kamba. Hii ni kamba nzima kasoro urefu wa mkono. Aliyeikata alikuwa upande wa pili. Aliinua mkono juu ya kichwa chake, akakata pale alipofikia. Hapo mtu mwingine hakuwepo."

Adrian alikuwa amekaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Apolonia alikwenda akakaa karibu naye.

"Na kisu chako kilikuwa wazi kwa nini?"

Adrian akaeleza. Samwel alimwambia akate. Upepo ulipotulia kidogo alimwita kwa sauti ya kawaida kabisa, Adrian alisema, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Alisema wote wawili hawatarudi, na Nashoni anaumwa, nani atamshusha. Adrian alitoa kisu, akakifungua, akakishika.

"Sikuweza," alisema. "Nilikuwa nimekishika hivi, na sikuweza. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema: 'Asante, ndugu yangu. Umenileta mbali.' Nikadhani ananishukuru kwa kutokata. Kamba ikawa nyepesi."

Ng'ambo ya mto mtu alikuwa akiita ng'ombe. Tumpe akamuuliza Adrian swali lililobaki: kwa nini akubali kufungwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Adrian alisema aliporudi Usangu na habari za msiba, Minza alimwuliza jambo moja tu, kama mwanawe alikufa mikononi mwa Mungu. Huyo ni mama aliyemzika ndugu yake aliyejinyonga, bila misa wala kengele, kama kanisa lilivyotaka enzi hizo, na alikuwa bado analilia jambo hilo. Angemwambiaje kwamba Samwel alishika kisu mwenyewe?

"Nikaona bora aseme niliua mimi, kuliko aseme amejiua. Jina langu lina nafasi ya kubeba hilo. Kila nilichonacho, mke huyu, watoto, shamba, hadi ile Ncha ya Kusini, nimepewa na Samwel. Ningeshindwa kumlipa hata hicho kidogo?"

Tumpe aliizungusha kamba vizuri, akaifunga lakiri ya kielelezo. "Hukuwa na haki ya kumchagulia mama huyo," alisema. "Kesho tutakwenda wote."

*

Walifika Usangu kabla ya jua kuwa kali. Minza alikuwa akianika mpunga kwenye turubai mbele ya nyumba yake. Alimtambua Adrian, akasimama wima na reki mkononi, asimwambie karibu wala ondoka. Adrian aliinama. "Shikamoo, mama." Marahaba ilikuja, lakini kwa mbali.

Tumpe ndiye aliyezungumza. Alieleza kama anavyoeleza mahakamani, hatua kwa hatua, akaikunjua kamba pale pembeni ya mpunga, akamwonyesha fundo, alama nyeusi na ncha iliyokatwa. Alimwomba mama aishike mwenyewe. Hakutumia neno kujiua. Alisema tu mkono uliokata ulikuwa wa Samwel, na kwamba mtu huyu alikuwa tayari kwenda gerezani ili mama asilijue hilo. Kisha alimwachia Adrian aseme yale aliyoyasikia mlimani.

Adrian aliyasema yote, mpaka ile shukrani ya mwisho.

Minza alikaa chini kwenye turubai, juu ya mpunga wake. Aliivuta ncha iliyokatwa mapajani, akawa anazilaza zile nyuzi nyeupe kwa kidole gumba. Machozi yalimtoka bila sauti. Tumpe alikuwa amekutana na wafiwa wengi, lakini hakujua ajiandae kwa lipi.

"Kaka yangu alitaka kufa," Minza alisema mwishoni. "Nilimwona siku zile, alitaka kufa. Huyu wangu hakutaka. Alitaka nyinyi muishi. Hayo si mamoja, na Mungu hashindwi kuyatofautisha, hata mimi nisiyesoma nayatofautisha." Akainua macho. "Adrian, njoo."

Adrian alipiga magoti kwenye mpunga. Mama alimshika ule mkono wenye vidole viwili, akaugeuza, akautazama kwa muda.

"Umekubali kuitwa muuaji wa mwanangu ili mimi nilale," alisema. "Nakushukuru. Usirudie tena."

Akamwita kwa jina la Kisukuma ambalo Tumpe hakulielewa. Baadaye Adrian alimweleza kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita Samwel. Minza aliagiza watu wa nyumbani wakamate jogoo. Tumpe alijaribu kusema kwamba bado ana maelezo ya kuchukua, akaambiwa maelezo hayaharibiki na jogoo anakimbia. Basi aliyaandika na kuyatia saini mezani pa mama huyo, palipokuwa na karanga na kikombe cha uji, akamshauri mkuu wake humo kwamba hakuna wa kushtakiwa, na jalada lifungwe.

Walipokwisha kula, Minza aliuliza jambo ambalo, Adrian alikiri, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kwa namna ile. Waandishi walimwuliza kama yeye alifika. Huyu alisema:

"Na juu huko, mlifika?"

"Tulifika, mama."

"Na nani alitangulia?"

Adrian alimtazama, kisha akatazama mbali, kule ambako tambarare inaishia na milima inaanza. "Samwel," alisema. "Mimi nilikuta nyayo zake zimeshatulia kwenye theluji. Alikuwa amekaa, anacheka, ananingoja."

Minza akarudisha kichwa nyuma, mjane wa miaka yote ile, akapiga kigelegele kirefu kilichovuka majaruba ya mpunga. Majirani walitoka majumbani kuuliza kuna harusi ya nani.

"Ni mwanangu Samwel," akawajibu. "Amefika."